Kucha za Victoria Luu Van

Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa mbili na nusu asubuhi, Klementina alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi ya usajili mjini Sumbawanga, bahasha ya kaki ikiwa mapajani. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya mtendaji wa kata ya Mazwi na kipande cha karatasi chenye jina la mwanamume. Baridi ilikuwa kali, ile ya kuwafanya hata makarani wakae ofisini na kofia za sufu. Mbele yake walikuwapo watu watatu, na wote watatu walikuwa wamesahau kutoa nakala, kwa hiyo zamu yake ilifika upesi.

Alikuja kwa ajili ya binti yake. Mwalimu mkuu alikuwa ametaka vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wa darasa la nne, na Victoria alikuwa amefikisha miaka kumi bila cheti. Baba yake alikuwa fundi kutoka Vietnam, mmoja wa wale waliokuja kufukia nyaya za mawasiliano kando ya barabara. Mtoto alipozaliwa, fundi huyo alikaa Mazwi mwaka mmoja na nusu zaidi, na kila wiki alisema atakwenda kusaini fomu ya cheti wiki ijayo. Mkataba ukaisha, akarudi kwao, akaugua, akafa.

Karani aliitwa Basil, kijana wa Milepa, mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza. Hakuwa na ubaya wowote, na jambo hili lisemwe mapema.

"Jina la baba," alisema. "Majina matatu."

Klementina alimpa kile kipande cha karatasi. Basil alikisoma, akaandika huku akijitajia mwenyewe: Luu, baba yake Van, babu yake Khoi.

"Samahani kaka," alisema Klementina, "Khoi ndiye yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa namwita Khoi."

"Khoi si huyu wa mwisho? Wa mwisho ni babu."

"Lakini hata kazini walimwita Khoi."

"Hata mimi kwetu wananiita kwa jina la babu. Nyumbani ni nyumbani, dada. Hapa tunaandika kama lilivyo."

Klementina aliitazama karatasi. Yeye mwenyewe aliitwa Klementina Kornel Baltazari: kwanza yeye, kisha baba yake, kisha babu yake. Ndivyo alivyoitwa Basil, na ndivyo walivyoitwa watu wote kwenye ile foleni. Haikuwahi kumjia kwamba kuna mahali duniani ambako majina yanaweza kusimama kwa mpango mwingine. Alihisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini hakujua ni kipi, na nyuma yake kulikuwa na mama aliyebeba mapacha. Akatikisa kichwa kukubali.

"Baba yupo?"

"Ni marehemu."

Basil aliandika kwamba Luu ni marehemu. Fomu haikuuliza kama Van na Khoi wako hai, kwa hiyo hakuna aliyesema kwamba wamekufa. Wiki iliyofuata cheti kilitoka, kikiwa na mhuri, na mtoto akawa Victoria Luu Van.

Mzee Van alifika keshokutwa yake, saa nne asubuhi, kwa bodaboda. Klementina alikuwa barazani na mashine yake ya kufumia masweta ya shule. Mgeni alikuwa mwanamume wa miaka sitini hivi, shati jeupe, mkoba mtupu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye Van, baba yake marehemu Luu. Nimekuja kumwona mjukuu."

Alizungumza kwa lafudhi ya Milepa, kama Basil aliyemwandika. Klementina alimuuliza ametoka wapi. Alisema ametoka ofisini. Na kabla ya ofisini? Mzee alifikiri, akatazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vipya kabisa.

"Kabla ya hapo sina," alisema.

Klementina akamwekea chai. Siku mbili baadaye akaja mzee Khoi, kwa miguu na fimbo, maana yeye alikuwa mzee zaidi na hakuna dereva aliyekubali kumpakia. Victoria alirudi kutoka shule akawakuta wote wawili wamekaa kwenye mkeka, akawaamkia, akaenda kubadili sare.

Hawakuwa wageni wa kero. Van aliuimarisha uzio na kujua majina ya kuku wote. Mzee Khoi alichambua maharage na kusinzia. Walikula ugali wa ulezi bila kuchagua. Kwa sababu ya baridi Klementina aliwafumia masweta ya bluu, yale yale ya shule, ila makubwa. Hamida, jirani mwenye duka upande wa pili wa barabara, aliwatazama wiki nzima wakiota jua na masweta yao.

"Wakwe zako wanafanana na Basil wa ofisini," alisema.

"Nimeona."

"Si watu wabaya lakini."

"Hapana. Si wabaya."

Kilichomtia Klementina wasiwasi kilikuwa kingine. Khoi, yule wa kweli, alikuwa na desturi ya kuja kila mwaka siku aliyokufa. Kwao marehemu hualikwa chakula siku hiyo, na siku yenyewe huhesabiwa kwa mwezi wa angani, kwa hiyo tarehe ilihamahama. Mama yake huko Vietnam, Bi Nhan, alimtumia Klementina tarehe kila mwaka kwa simu, kwa Kiswahili kilichotafsiriwa na mashine: "Siku ya mwanangu inakaribia, mpikie wali." Klementina alipika wali na samaki aina ya migebuka kutoka Kabwe, na saa kumi na mbili jioni Khoi aliingia na sare yake ya kazi, akavua viatu mlangoni, akala. Kisha alitoa kikata kucha kilichoning'inia kwenye funguo zake, akamweka Victoria mbele yake, akamkata kucha kumi za mikono na kumi za miguu, taratibu, bila kuruka hata moja. Alipokuwa hai ilikuwa ndiyo kazi yake. Klementina aliogopa kumkata mtoto mchanga, na Khoi, ambaye mikono yake ilizoea nyaya nyembamba kuliko uzi, hakuogopa.

Kwa ajili hiyo Victoria alifuga kucha. Siku hiyo ilipokaribia alianza kuficha vidole, na Jumatatu, siku ya ukaguzi shuleni, alichapwa bila kueleza. Alikuwa na baba kwa jioni moja kwa mwaka na hakutaka baba huyo akose kazi.

Sasa alikuwa na maswali.

"Mama, Luu ni nani?"

"Ni baba yako."

"Baba si Khoi?"

"Ndiyo. Ni Khoi."

"Babu Van anasema Khoi ni huyu mzee anayelala."

Klementina alijibu kwamba achukue ndoo akateke maji. 

Akamwandikia Bi Nhan. Bi Nhan, mwanamke wa miaka sabini, alipanda basi hadi kwenye ofisi ya kata yao akafukua madaftari. Zikaja picha za kurasa tatu zenye mihuri myekundu: kuzaliwa kwa Luu Van Khoi, kuzaliwa kwa baba yake, Luu Van Thanh, kuzaliwa kwa babu yake, Luu Van Phuc. Chini mashine ilikuwa imeandika: "Luu ni ukoo. Sote ni Luu. Jina la mtu liko mwisho." Klementina alizisoma mara tatu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita alipata usingizi mzuri. Asubuhi akazichapisha na kwenda nazo kwa Basil.

Basil alizipanga mezani, akachukua penseli, akaanza kuchora mistari.

"Huyu ni Luu, baba yake Van. Huyu wa pili pia ni Luu, baba yake Van. Na huyu wa tatu. Dada, hawa ni ndugu. Baba yao mmoja."

"Hapana. Huyu amemzaa huyu, na huyu amemzaa huyu."

"Ndipo hapo ninapopotea. Kwa karatasi hizi marehemu ni mdogo wake baba yake." Alifuta, akachora upya. "Na Van ana baba watatu. Hilo si neno, wengine watakuwa baba wakubwa. Niwaandike Thanh na Phuc?"

"Usiwaandike, kaka! Nyumba yangu ina vyumba viwili."

Akamweleza tena: ukoo mbele, mtu nyuma. Basil alisikiliza kwa makini sana. Alikuwa akitaka kuelewa, jasho lilimtoka ingawa ilikuwa baridi, na kuna dakika moja alionekana ameelewa. Kisha akaitazama kompyuta. Ilikuwa na visanduku vitatu, cha mtu, cha baba na cha babu, na hapakuwa na kisanduku cha ukoo.

"Kurekebisha, baba mwenyewe afike na kitambulisho," alisema.

"Amekufa. Huwa anakuja, lakini mwaka huu siku yake ni Jumamosi."

"Jumamosi tunafunga."

"Najua."

"Basi mzee wa upande wa baba aje ale kiapo kwa hakimu. Yupo?"

Klementina alikusanya karatasi zake kutoka mezani. "Yupo," alisema.

Alimchukua Van siku ya Alhamisi. Mzee alipiga pasi sweta lake, akatembea karibu naye wakipishana na baiskeli za watu waendao kazini. Njiani Klementina alimsihi.

"Baba, nakuomba. Wakikuuliza, sema wewe si baba yake."

Van alitembea hatua kadhaa.

"Nikisema mimi siye, mwanangu," aliuliza, bila hasira, "nitakuwa nani?"

Klementina hakumsihi tena. Mbele ya hakimu Van aliinua mkono na kuapa kwamba yeye ni Van, mtoto wa Khoi, na kwamba alimzaa Luu. Hakudanganya hata neno moja. Kiapo kikapigwa mhuri, kikabanwa kwenye jalada la Victoria, na Basil akasema kwa upole kwamba sasa jambo hili limekwisha, maana juu ya kiapo hakuna kitu kingine.

Jumamosi ikafika, katikati ya mwezi wa tisa, upepo wa Ufipa ukivuruga vumbi na makapi ya ulezi. Klementina alipika wali na migebuka. Victoria alioga mapema, akakaa na mikono nyuma, kucha zake ndefu na safi.

Saa kumi na mbili Khoi alikuwa getini na sare yake. Van, aliyekuwa akifunga kuku, alimwendea.

"Karibu. Nani mwenzetu?"

"Khoi."

"Khoi yumo ndani, anakunywa chai."

Khoi akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu asiyeelewa utani. Akainua mguu kuvuka kizingiti cha geti. Mguu ukarudi. Akainua mwingine, nao ukarudi. Hakusukumwa na mtu. Alitazama miguu yake, akatazama ndani ya uwanja, ambako mzee mwenye sweta la bluu alikuwa ameketi mahali pake, na uso wake ukachanganyikiwa kama wa abiria aliyeshuka kituo kisicho chake.

Klementina alitoka akampa cheti. Khoi alikisoma kwa muda mrefu.

"Babu wa mtoto ni Van?" aliuliza. "Van hayupo. Kwetu hakuna Van."

"Huyu hapa amesimama."

Van aliinamisha kichwa kusalimia.

"Ulipita mbele ya ile ofisi kila siku," alisema Klementina. Hakupanga kulisema, lakini lilikuwa limemkaa kooni miaka minane. "Kila siku, mwaka mmoja na nusu. Ulikuwa unanunua vocha mlango wa pili. Saini moja tu, Khoi! Ulikuwa na mkono, ulikuwa na kalamu, ulikuwa na pumzi."

"Nilisema wiki ijayo," alisema Khoi.

"Ulisema wiki ijayo."

Klementina alilia basi, akiwa amesimama, aproni mkononi, na Khoi alimtazama kutoka upande wa pili wa kizingiti bila kuweza kumfikia.

Van, ambaye hakupenda kuona watu wakilia, alisema njia ni rahisi. Marehemu wa kwenye cheti anaitwa Luu. Aitwe Luu, naye ataingia kama Luu, na chakula kisipoe. Khoi alikataa. Alisema Luu ni wote, akiitwa Luu wataitika wote. Lakini Van alikwisha geukia barabara na kuita kwa sauti yake ya Milepa: "Luu! Chakula tayari!"

Walikuja kwa utaratibu, wakipandisha barabara ya vumbi wawili wawili, wanaume na wanawake. Wa mbele walivaa mashati ya kawaida, walio nyuma yao kanzu ndefu, na wa mwisho kabisa hawakuwa na viatu. Hamida alihesabu mia moja na themanini, kisha akaacha kuhesabu, akavusha sufuria kubwa la maulidi na magunia mawili ya mchele. Marehemu walisubiri bila kulalamika. Walikula wakiwa wamesimama, wakasifu migebuka, wakapanga sahani kwa ukubwa. Kila mmoja alipita mbele ya Victoria akamtazama, na Victoria aliwaamkia wote hadi sauti ikakauka. Hakuna aliyekuwa na kikata kucha. Usiku ulipoingia walishuka barabara kama walivyokuja, na getini akabaki Khoi peke yake, hajala.

Mzee Khoi aliamka kwenye mkeka. Alikuwa amelala muda wote wa karamu.

"Huyo nje ni nani?"

"Khoi," alisema Victoria.

"Na mimi ni Khoi," alisema mzee. Akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja. "Nafasi ipo. Aje tukae wote, jina letu moja."

Khoi aliinua mguu, na safari hii ukavuka. Alitembea hadi mkekani, akavua viatu, akaketi ubavuni mwa mzee, ambaye alimgawia nusu ya blanketi. Klementina akamletea wali uliobaki chini ya sufuria. Aliula wote.

Kisha akatoa funguo zake. Victoria akasimama mbele yake, mikono ingali nyuma. Alimtazama usoni, akamtazama mzee aliyekaa naye, akamtazama mama yake.

"Mama, nimwamkieje?"

"Huyu ni baba..." alianza Klementina.

Khoi akaanza kurudi nyuma. Hakusimama wala hakujikokota. Alikuwa tu akisogea kuelekea getini, ameketi vile vile, na blanketi likimtoka begani. Kikata kucha kilikuwa kimefunguka mkononi mwake. Alimtazama Klementina na kutikisa kichwa, mara moja, akimwomba asiendelee.

Klementina alifunga mdomo. Khoi akasimama pale alipofika. Nje ya uzio Hamida alikuwa akisugua sufuria lake kwa mchanga.

"Mwamkie babu," alisema Klementina.

Khoi akarudi mahali pake juu ya mkeka.

"Shikamoo, babu," alisema Victoria, akatoa mikono yote miwili.

Khoi aliishika. Alichelewa kujibu, na mzee aliyekuwa ubavuni mwake hakumjibia, ingawa naye angeweza.

"Marahaba," alisema Khoi, akaanza na kidole gumba.

Alimkata kucha zote ishirini, taratibu, bila kuruka hata moja. Van alizikusanya kwenye karatasi. Klementina alikaa mlangoni akawatazama hadi walipomaliza, kisha akaingia ndani na kukirudisha cheti kwenye bahasha ya kaki, maana Jumatatu kilitakiwa shuleni.

Jumatatu kulikuwa na ukaguzi. Mwalimu alipita na fimbo yake mstari kwa mstari, akafika kwa Victoria Luu Van, akageuza viganja vyake juu na chini.

"Leo umependeza. Nani kakukata kucha vizuri hivi?"

"Babu yangu," alisema Victoria, na mwalimu akaenda kwa mtoto aliyefuata.